Shoka Lililochelewa Kusimama

"Hiyo ni namba ngapi, mama?" msimamizi aliuliza, akigonga kibao kwenye rafu.

Bi Mizani alikaza macho. "Sita."

"Ni nane."

Tangu asubuhi Bi Mizani alikuwa akipanga mashoka ya wakata miti kwenye rafu ya mashoka ya kuni.

"Kesho utashika ufagio," msimamizi alisema. "Macho yamechoka, mama. Shoka bovu likitoka hapa litamuua mtu."

Msimamizi alikuwa na wiki mbili tu kazini, na upole wake ndio uliouma zaidi. Miaka ishirini na mitatu Bi Mizani alikuwa ameketi kwenye benchi lile, akikagua shoka baada ya shoka. Wenzake walisema hayakagui, anayasalimia. Kila mara alishika mpini chini kabisa, akafumba macho, akalipunga taratibu: juu, chini, kando, kama mtu anayepima usingizi wa mtoto mikononi kabla ya kumlaza.

"Ufagio nao una mpini," mnoaji alinong'ona. "Atausalimia tu."

Mkaza mwana wa Bi Mizani, aliyefanya naye kazi benchi moja, akamkata mnoaji jicho.

"Sawa," Bi Mizani alisema. "Ila nipe moja la mwisho. Chukua kwenye yale uliyoyapitisha mwenyewe."

Msimamizi akasita, akampa. Shoka likapanda, likashuka. Likasimama. Akalipunga tena, safari hii kwa vidole vitatu tu.

"Hili halitoki."

"Lina nini?"

"Nikilisimamisha, kichwa kinachelewa kusimama. Na huku juu, karibu na shingo, mpini ni mwepesi mno kwa urefu wake. Kuna mtu kahamia ndani."

Msimamizi akalipeleka dirishani. Akaligeuza, akapitisha kidole gumba. Mti ulikuwa laini, umepakwa mafuta, hauna hata mkwaruzo.

"Mama, mpini huu ni msafi."

"Kwa macho, ndiyo."

Msimamizi alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Akachukua msumeno, akabana shoka mezani na kuanza kukata chini kidogo ya kichwa. Aliposukuma mara ya nne, msumeno ukadidimia ghafla, na unga mweupe ukamiminikia kiatu chake. Mdudu alikuwa ameingilia juu, pale mpini unapofichwa na chuma, akachimba njia pana kama kidole cha mwisho cha mtoto.

Mnoaji aliacha kunoa. Msimamizi akakitazama kidole gumba chake, kile kilichopita juu ya njia ile bila kujua.

Yalibaki mashoka thelathini na tisa aliyoyapitisha asubuhi. Akachukua moja, akalinyanyua mbele ya uso wa Bi Mizani, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake kitu. Akaishia njiani. Akaligeuza polepole, akauweka mpini kwenye kiganja cha mama yule, akasubiri mpaka vidole vilipofunga.

"Na hili?"

Bi Mizani akafumba macho.