Mbegu Nusu Futi Chini

Shemeji yangu Royce anauza magodoro mjini Birmingham. Anachokijua yeye kuhusu udongo ni sawa na ninachokijua mimi kuhusu magodoro, ila mimi sijawahi kujitia kumfundisha mtu kulala. Mwaka huu wenzetu kumi wa klabu ya uwindaji walimchagua awe mwenyekiti, kura saba kwa tatu, na aliyeshindwa ni mimi niliyewinda kwenye shamba lile miaka thelathini na mmoja. Sababu waliyotoa ni kwamba alikuwa amenunua trekta jipya.

Shamba si letu. Ni la Bibi Ozella Pruitt, mjane wa miaka themanini na mbili, na anatukodishia kwa sharti moja. Mbele ya dirisha la jiko lake kuna uwanja wa ekari tatu ambao klabu huupanda chakula cha kulungu kila mwaka. Sisi tunataka kulungu wazoee kuja, tuwawinde kule nyuma msituni. Yeye anataka kuwaona wakila asubuhi akinywa kahawa yake, na pale uwanjani haruhusu mtu afyatue risasi. Mwaka jana uwanja ulijaa magugu. Bibi akatuambia wazi kwamba safari hii, Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda mwishoni mwa Novemba, asipokuta majani mabichi atafunga geti na kuwapa shamba watu wa Montgomery. Baba yangu aliua kulungu wake wa kwanza kwenye shamba hilo, na mimi wangu. Sina shamba lingine la kwenda.

Septemba haikunyesha. Oktoba haikunyesha. Bwawa la ng'ombe likabaki tope, na vumbi la barabarani likawa linaingia mpaka kwenye friji. Mtu mwenye akili zake hupanda ngano wakati kama huo, maana ngano ni vumilivu na hata ikifukiwa chini kidogo itatoka. Lakini ngano inauzwa kwenye gunia lisilo na picha. Royce alinunua mbegu za klova, yale majani madogo ya malisho, na za figili, kwenye mfuko wenye picha ya kulungu mwenye pembe za kutosha kuanikia nguo za familia nzima.

Punje ya klova ni ndogo kuliko kichwa cha pini. Haifukiwi. Unaimwaga juu ya udongo uliokwisha kulainishwa, unapita juu yake na kitu kizito ili ishike, kisha unasubiri mvua. Kwetu hata mchungaji wa kanisa analijua hilo.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba simu ya Royce ikamwambia mvua inakuja, naye akaja na trekta lake. Alivaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Akamwaga mbegu kwanza, uwanja mzima, kisha akafunga haro ya kuvurugia udongo nyuma ya trekta na kulima juu yake mara mbili. Alizizika mbegu zile nusu futi chini, kwa bidii ya mtu anayeficha kosa, na vumbi likapanda mpaka sikuiona nyumba ya Bibi.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu yangu nakula karanga za kuchemsha. Royce akazima trekta, akaja anajifuta uso, akaniuliza kazi nimeionaje.

"Nimeiona, shemeji," nikamwambia.

Akafurahi, akidhani nimemsifu. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, nikamsimulia mke wangu Darlene, ambaye hakucheka. Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba waliomchagua waliona anafaa, basi acha awafae.

Mvua ilikuja Ijumaa iliyofuata, nzuri, ya kutwa nzima. Ghalani kwangu kulikuwa na magunia manne ya ngano, na wiki mbili zilizobaki zingetosha kabisa kuufanya uwanja uwe kijani. Nilipita pale mara tatu, na mara zote tatu nilipunguza mwendo nikafurahia udongo mtupu. Royce akapiga simu kuuliza kama ni kawaida mbegu kuchelewa kuota hivi. Nilimwambia awe na subira.

Jumamosi ya kufungua msimu tulisimama wote ukingoni mwa uwanja na fulana zetu za kuwindia za rangi ya machungwa, na Bibi Ozella akashuka ngazi na fimbo yake. Uwanja ulikuwa wa kahawia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mistari miwili ya kijani kule pembeni. Royce akaanza habari za ukame. Nikamkatiza, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeisubiri wiki tatu.

Nikawaonyesha mistari ile. Pale, nikawaambia, ndipo trekta lilipogeuzia: haro ilikuwa imeinuliwa, mbegu zikabaki juu, matairi yakazikandamiza. Kwingine kote mwenyekiti wenu amezika mbegu kama anazika ng'ombe. Nilieleza taratibu, kwa ufundi, na wawili wakacheka. Royce akawa mwekundu mpaka masikioni. Sitadanganya, niliona raha.

"Hoyt," akasema Bibi Ozella, "haya uliyajua lini?"

"Siku ile ile, Bibi. Nilikuwa nimekaa pale."

"Na ungekuwa wewe ungepanda nini?"

"Ngano. Ninayo magunia manne ghalani." Nilisema kabla sijafikiri.

Akaelekeza fimbo kwenye dirisha la jiko lake. "Siku ile nilikuwa dirishani. Nilikuona unakula karanga, nikasema moyoni, Hoyt ametulia, basi kazi inakwenda sawa." Akamgeukia Royce. "Huyu hakujua. Asiyejua nitamvumilia mwaka mmoja, anaweza kufundishwa. Apande ngano wiki hii, klabu ibaki. Wewe, Hoyt, getini kwangu usipite tena."

Hakuna aliyenitetea. Hata wale waliokuwa wamenipigia kura walitazama viatu vyao. Nikachomoa ufunguo wa geti nikampa Royce, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, naye akaupokea bila furaha yoyote, jambo lililoniuma kuliko kama angenicheka. Akanisindikiza mpaka kwenye pikapu, akainamia dirisha.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo ngano inafukiwa inchi ngapi?"

"Moja," nikamwambia. "Mbili zisizidi."

Kulisema hilo hakukunichukua hata sekunde tatu.