Robo Mzunguko

Fundi mitambo alimjua vizuri shemeji yake, mdogo wa mumewe: fundi bomba mwenye uzoefu wa miaka ishirini, na kwake nati haijakazika mpaka mishipa ya shingo imsimame. Leo shemeji huyo alikuwa anamsaidia kuunga kijibomba cha kupitishia sampuli ya gesi kwenye vali ya mashine ya kupima gesi.

"Ngoja, shemeji," fundi mitambo alisema. Akapitisha hewa kwenye kijibomba, akakinga kitambaa cheupe upande wa pili. Kikajaa chembe za chuma.

"Hizo zingeikwaruza vali mpaka ivuje. Sasa kaza kwa vidole, halafu spana robo mzunguko. Basi."

Shemeji akakaza, mikono ikimwasha kutaka kuongeza. "Hivi tu?"

Fundi mitambo akapaka povu la sabuni kwenye kiungo. Hakikutoka hata kiputo kimoja.

Shemeji akaitazama spana yake ndefu. "Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakaza hasira, si nati."