Kitanda Alichokichonga Muasya

Kaluki hakwenda kununua mbao za kutengenezea stendi ya darubini. Juu ya kabati, katika chumba chake pale Mwihoko, kulikuwa na kitanda cha mtoto alichokichonga marehemu baba yake, Muasya. Mbao kavu, zimenyooka. Bintiye Mbithe alishahamia kitanda cha wakubwa. Mdogo wake Kaluki, Lynn, aliyeolewa Thika, mimba zilikuwa zimemharibikia mara mbili, na jamaa walishaacha kuuliza habari za mtoto.

Basi akakikata.

Darubini yake ya mtumba, ya macho mawili, ilikuwa nzito. Ukiishika kwa mikono, mwezi ulicheza kama maji ndani ya karai. Akaunganisha vipande kwa bolti, vikawa mikono miwili sambamba: huku darubini, huku kidumu cha mchanga cha kusawazisha uzito. Akiishusha hadi kimo cha Mbithe, mwezi haukuponyoka.

Jumapili jioni Lynn akaja, amejifunika sweta kubwa na joto lote lile.

"Sasa, mama Mbithe! Nimekujia kile kitanda cha baba."

"Cha nini? Umefungua nasari?"

Lynn akafungua sweta. Tumbo lilikuwa limejaa.

"Aiya! Na hukusema?"

"Ningesema nini? Zile za kwanza nilitangaza hadi kwa chama cha akina mama. Hii nikaamua itajisema yenyewe."

Kaluki akamkumbatia, akalia. Kisha akampandisha polepole juu ya paa la gorofa, kati ya kamba za nguo, akamwonyesha alichokitengeneza.

Lynn aliizunguka kazi ile. Kidole chake kikasimama penye alama za meno kwenye mbao.

"Hapa nilikuwa nang'ata. Mama alituambia."

"Nitavifungua vipande, Lynn. Nitakirudisha kitanda."

"Kwa gundi gani? Umekitoboa kama chujio. Si ungenipigia simu tu?"

"Nilidhani..."

Lynn aliyajua maneno yaliyobaki: kwamba hatapata mtoto. Alikuwa ameyasoma machoni mwa watu wengi, lakini hakutarajia kuyakuta kwa dadake.

Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kaluki akaishusha darubini taratibu hadi machoni pa Lynn. Mwezi ulitulia palepale, na mashimo yake yote.

Lynn akatazama sana, mkono tumboni.

"Ni mzuri kweli," akasema. "Baba angefurahi. Lakini huyu atalala wapi, Kaluki?"

Kaluki akaushikilia mkono ule wa mbao usitikisike. Ndilo jambo pekee alilokuwa nalo la kumfanyia.