Chafya Tatu Katika Ngano

Mzee Tabasamu alipata jina hilo uzeeni, baada ya kununuliwa meno. Zamani alikuwa mtu wa kununa. Binti yake alipomtengenezea safu nzima ya juu, mzee aligeuka ghafla kuwa mchangamfu: akawa anachekea majirani, anachekea mbuzi, anachekea hata mkutano wa wakulima, ambao haujawahi kumfurahisha mtu. Siri ya meno yale walikuwa wakiijua watu watatu tu, yeye, bintiye na daktari. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Tabasamu lenyewe lilikuwa na mlengwa. Pale sokoni palikuwa na fundi cherehani mmoja, mjane, mwenye ulimi mkali na mikono myepesi. Vifungo vya mashati ya mzee vilikuwa vinakatika ovyo siku hizo, jambo alilolihesabu kuwa bahati, maana kila kifungo kilikuwa safari ya kwenda sokoni. Hatimaye akajikaza akamwomba waoane. Mama yule hakukubali wala kukataa. Alisema atakuja Jumamosi kuiona nyumba, na jibu atalitoa hapo hapo.

"Ila nikwambie mapema," aliongeza, akikata uzi. "Mwanamume mwongo simtaki. Marehemu alinitosha."

Mzee alitabasamu, meno yote ya kununuliwa nje.

Zikabaki siku chache. Alasiri moja mzee aliingia shambani kuona kama ngano imekauka. Vumbi la masuke likampanda puani, akapiga chafya. Akasogea, akapiga nyingine. Akasogea tena, ikamtoka ya tatu, ile ya kumwinamisha mtu. Halafu akachuma punje aitafune ajue ukavu wake, kama afanyavyo kila msimu, akakuta anatafuna kwa fizi.

Meno yalikuwa yamelegea kwa muda mrefu. Bintiye alishamsihi mara chungu nzima ayarudishe kwa daktari yakazwe, yeye akajifanya kiziwi. Sasa yameruka, na hakujua yameruka na chafya ipi. Akaleta kigingi, kamba na ubao. Pale alipokumbuka kupiga chafya ya kwanza alichomeka kigingi, akafunga kamba, akazunguka akichungulia ardhi, na kila alipomaliza kupekua akayalaza mabua kwa ubao ili asirudie pale pale. Alipomaliza duara hilo akaenda la pili, kisha la tatu. Jua likazama hajaona kitu.

Asubuhi yake kijindege cha kunyunyizia dawa kikapita juu. Rubani akapiga picha, na kabla ya adhuhuri picha ilikuwa katika kila simu. Watu wakafurika. Akaja pia Mtaalamu mmoja wa mambo ya angani, kofia pana, sauti ya chini kama ya mtu anayeongea wodini.

"Maduara matatu," alisema. "Nyota tatu. Walioyachora hawakutoka hapa."

Wengine walisema ni uwanja wa kutua vyombo vya angani. Wengine walisema ni onyo kwa binadamu, ingawa walibishana tumekosa nini hasa. Walipomuuliza mwenye shamba, mzee alijiziba mdomo kwa leso, akatikisa kichwa.

"Ameonywa asiseme," Mtaalamu alinong'ona, na umati wote ukarudi nyuma hatua.

Jioni wasaidizi wa Mtaalamu wakayaona meno, nje kidogo ya duara la pili. Wakayalaza juu ya pamba ndani ya chupa ya kioo. Mtaalamu alitangaza kwamba ni ya mmoja wa wageni wale, kwa kuwa hakuna binadamu wa maeneo haya mwenye meno mazuri kiasi hicho. Mzee, kwa uchungu wake wote, alijisikia fahari kidogo.

"Baba, nenda ukayachukue," bintiye alimwambia nyumbani. "Kesho wanayapeleka maabara, ng'ambo huko."

Mzee alijibu kwa fizi, maneno ambayo binti peke yake angeweza kuyaelewa. Alisema heri yaende ng'ambo kuliko mama yule amwone kibogoyo, na mwongo juu yake.

Jumamosi fundi alifika shambani amevaa gauni jipya. Akapenya katika umati hadi kwa mzee.

"Nimekuja," alisema. "Mbona huniamkii?"

Leso mdomoni, mzee alimtazama. Nyuma yake Mtaalamu alikuwa akiipakia chupa ndani ya gari. Mzee aliona kwamba meno yakiondoka atakaa kimya hivi maisha yake yote, na huyu mama ataenda zake akijua tu kwamba alikuja na hakuamkiwa. Akateremsha leso. Akafungua mdomo mtupu mbele ya dunia nzima, akainyooshea kidole chupa.

Watu wakaangua vicheko.

"Mzee wangu," Mtaalamu alisema kwa upole, "kila asiye na meno anaweza kudai hivyo. Ushahidi uko wapi?"

"Ni yake," fundi alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Jino la pili kushoto limepanda kuliko mwenzake. Mshono uliokaa upande mimi nauona toka mlangoni. Na akicheka sana yanashuka yote, anayarudisha kwa ulimi akidhani sioni."

Akaitwaa chupa, akayafuta meno kwa kitambaa safi, akampa. Mzee akayavaa. Yalikuwa na ladha ya pamba.

"Na yale maduara?" Mtaalamu hakukubali kushindwa. "Kwa nini matatu?"

"Nilipiga chafya tatu."

Mtaalamu alifikiri. "Na nani aliyekutuma upige chafya?" aliuliza, na baadhi ya watu wakaitikia kwa vichwa.

Wale wawili wakawaacha na nyota zao, wakaelekea nyumbani.

"Niliogopa," mzee alisema. "Ulisema mwongo humtaki."

"Nilisema." Fundi akakishika kifungo cha juu cha shati la mzee, akakivuta, kikabaki mkononi mwake bila ubishi. "Unakiona hiki? Vyote nimekushonea kwa uzi mmoja tu, vikatike upesi. Ningeshona kama ninavyowashonea wengine, ungekuja sokoni mara moja kwa mwaka."

Mzee alikitazama kifungo. Akaanza kucheka, akacheka hadi meno yakashuka yote, na safari hii hakuwa na haraka ya kuyarudisha.