Sweta Lililofuliwa

Nyumbani kwetu nguo chafu hailali. Baba ni dobi, mama alikuwa dobi, na shangazi anayepokea nguo za wateja pale mlangoni naye ni dobi, ingawa kazi yake kubwa ni umbeya. Mgeni akija na doa kwenye kola, baba husalimia doa kwanza, kisha mwenye shati.

Kwa hiyo mama alipofariki nilijua lazima niwahi. Watu hawajamaliza hata kutupa pole, baba alishabeba mashuka ya ugonjwa, foronya, magauni na taulo, akafua vyote. Hakulia, alifua. Mimi nilinusuru kitu kimoja tu, sweta la kijivu ambalo mama alikuwa akilivaa alfajiri akipiga pasi. Nililisokomeza kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga fundo, nikauficha chini ya godoro langu.

Sweta lilikuwa na harufu yake. Sisemi manukato, mama hakuwa na habari nayo. Ilikuwa ile harufu ya shingoni anayoisikia mtoto akikumbatiwa. Sura yake ilishaanza kunitoroka. Nikifumba macho namwona mgonjwa tu, mifupa mitupu, midomo imekauka. Lakini nikiingiza pua mfukoni, mama anarudi mzima, mnene, mkali, ananifokea kwa kuunguza shati la watu. Niliufungua mfuko ule kwa ubahili, nikiogopa kuimaliza harufu.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta godoro langu limeanikwa juani. Baba alikuwa uani, kwenye meza ya pasi, na mbele yake sweta limekunjwa vizuri kama la dukani.

"Nimelikuta chini ya godoro, mwanangu," alisema, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Lilisahaulika. Kola ilikuwa imeshika uchafu, nimeirudia mpaka imetakata. Chukua, uwe unamkumbuka mama yako."

Nililipeleka puani. Sabuni. Nikaligeuza ndani nje, nikanusa kwapani. Sabuni tupu.

"Nani kakwambia lilisahaulika?" nilisema. "Nililificha. Nililificha usilione wewe."

"Jamani, si sweta tu," shangazi akadakia kutoka mlangoni. "Tena limetoka safi."

"Shangazi, nyamaza." Sijawahi kumwambia hivyo maishani mwangu. Nikamgeukia baba. "Lilikuwa na harufu ya mama. Ndiyo iliyokuwa imebaki. Umemfua mama, baba, ukammwaga mferejini."

Baba aliutazama mfereji. Povu lilikuwa bado limeshika ukingoni. Shangazi akanong'ona kwamba maji yakimwagika hayazoleki, kisha naona alijuta, maana aliingia ndani.

Nilingoja baba ajitetee ili nipate pa kuimalizia hasira yangu. Hakujitetea. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono yake yenye mabaka ya dawa ikaning'inia tu.

"Sikujua kama lina harufu," alisema. "Hizi dawa za madoa ziliniua pua zamani, kabla hata sijamwoa mama yako. Chakula kiungue, sisikii. Yeye alijua. Alinifichia siri, wateja wasije wakakimbia."

Nililirudisha sweta mezani.

"Miaka yote hiyo nimelala ubavuni kwake," alisema, "wala sikuwahi kumsikia. Hebu niambie, mwanangu. Alikuwa ananukiaje?"

Nilikuwa bado nina hasira, sitaki kudanganya. Lakini nilivuta ndoo nyingine, nikakaa karibu naye, nikaanza. Nikakwama. Nikaanza tena, nikataja majivu ya moto, na kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga, na nguo iliyolala juani. Kila nilipotaja kitu, baba alifumba macho akavuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kisha akatikisa kichwa kwamba bado.