Tochi ya Mbaraka

Mume wangu Asmani alikusanya tochi kuukuu za chuma. Watu wa mji wetu wa Rumonge, kando ya ziwa, walimletea zikishaliwa na kutu, naye alizisugua kwa majivu, akazitundika ukutani sebuleni. Hakuna hata moja iliyowaka. Alichopenda ni majina, kwa sababu zamani kila mtu alitoboa jina lake kwa msumari kwenye tochi yake ili isiibwe.

Mwaka huu wa sabini na mbili, jirani yetu Mbaraka akawaambia askari kwamba Asmani anawamulikia ishara waasi, watu wa ng'ambo ya ziwa. Askari walizifungua zote, wakakuta kutu tupu, wakazitupa chini. Asmani wakamchukua hata hivyo. Hajarudi.

Leo asubuhi Mbaraka kaja mlangoni, kanzu yake imenyooka kwa pasi.

"Amahoro, Mama Wema. Kuna tochi yangu humu, ile nilimupa Asmani siku ya uhuru. Iko na jina langu. Askari wakirudi wakaiona, nitasema nini?"

Hata haya hana! Hasira ilinipanda. Niliitafuta sakafuni, nikamwekea kiganjani, jina lake likiwa juu.

"Iwashe kwanza," nikamwambia.

"Mama Wema, hii ilikufa zamani. Unajua."

"Iwashe!"

Akasukuma swichi. Akasukuma tena. Kioo kikabaki cheusi.

"Sasa niambie, Mbaraka. Asmani aliwamulikia na nini hao watu wa ng'ambo?"