Wasifu wa Baba kwa Ukurasa Mmoja

Baba yangu, Mzee Mwandawiro, alipofariki kule Mbololo, ndugu zangu walinipa wasifu wake niufupishe. Ulikuwa na kurasa nne, na mchungaji alitaka ukurasa mmoja tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Voi, na kila muhula nafundisha ufupisho. Niliusoma mara mbili, nikapigia mstari hoja kuu: kuzaliwa, ndoa, kazi ya reli, watoto. Maelezo ya ziada nikayatoa.

Miongoni mwa niliyoyatoa ilikuwa sentensi hii: "Miaka mitatu ya mwisho alilishwa na kuoshwa na jirani yake, Ndunge."

Siku ya mazishi nilisoma kwa sauti thabiti. Nilipomaliza, nilimwona Ndunge amesimama nyuma ya hema na jagi la kunawisha wageni, bado ananitazama, kana kwamba anangoja ukurasa wa pili. Mimi niliyekuwa nikija mara moja kwa mwezi, jina langu lilikuwa limesomwa.

Jioni nilimfuata jikoni.

"Dada Ndunge, nisamehe. Nilikuacha nje."

"Usijali, mwalimu," akajibu, akisugua sufuria. "Karatasi ilikuwa ndogo."

Hakuinua uso.

Jumapili niliomba nafasi kanisani, nikasema mbele ya watu wote ni nani aliyemtunza baba yangu. Walipiga makofi. Nikamtafuta kwa macho, safu baada ya safu. Hakuwa amekuja, na makofi yale yalinichoma.